Leseni ni Elfu Sabini Tu, Mjomba

Serikali haina kosa. Nalisema hili mapema na kwa sauti, ili kesho mtu asije akadai nimeitukana. Bei ya leseni ya udereva haijafichwa: shilingi 70,000, unakaa nayo miaka mitano. Ni hivyo tangu bajeti ya mwaka 2019. Kabla ya hapo ilikuwa 40,000 kwa miaka mitatu, na ukigawanya kwa mwaka utakuta ongezeko lenyewe halifiki hata shilingi mia saba. Leseni ya kujifunzia ni 10,000, inaishi miezi mitatu. Jaribio la udereva ni 3,000, yaani chipsi mayai pale stendi ya Makambako, tena bila soda.

Sasa niambieni, nyie watu wa hesabu: kama mambo ni hayo, kwa nini mimi nimeuza misindano yangu kabla haijakomaa?

Tuliozaliwa mkoa huu tunajua maana ya kuuza miti michanga. Njombe mtu haweki fedha benki, anapanda. Ukisikia fulani ana ekari tano za misindano, usiangalie koti lake, huyo ni tajiri anayesubiri. Na mnunuzi wa miti naye anajua. Akikuona umekuja mwenyewe, asubuhi, umevaa viatu vya safari, anazunguka shamba polepole, anagonga shina moja, anatikisa kichwa kwa huruma, anakuuliza habari za nyumbani. Hapo bei imeshashuka na hamjaitaja.

Yote haya kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, ambaye kijiweni wanamwita Suka. Alinijia jioni moja, akapokea chai kwa mikono miwili, jambo ambalo lilipaswa kunishtua, akasema: "Mjomba, D yangu inakaribia kwisha. Nataka nipande daraja, nichukue E. Leseni ni elfu sabini tu, mjomba."

Nilifurahi. Elfu sabini! Nimeshachangia sendofu za mabinti nisiowajua hata sura kwa zaidi ya hapo. Nikamwambia asijali, mjomba yupo. Mke wangu aliyekuwa anachambua maharage aliinua macho, akanitazama, akarudi kwenye maharage. Miaka yote hii ya ndoa sijajifunza kuogopa ukimya ule.

Kwa wasioijua Makambako, ni hivi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapa, na hapahapa ndipo inapochepuka ile ya kwenda Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita, lakini siku hizi tunaisikia zaidi ya kuiona. Kinachoonekana ni malori. Yanakwenda Zambia, yanakwenda Kongo, yanarudi na shaba, mengine yanateremka kutoka Njombe na mbao, nguzo za umeme, chai, parachichi, na viazi vilivyoshindiliwa lumbesa mpaka gunia linapumua kwa shida. Mtoto wa Makambako hujifunza kuhesabu kwa matairi ya semitrela. Kwa hiyo anayesema atakuwa dereva wa lori kubwa hapa hatuulizi kwa nini. Tunauliza lini.

Suka mwenyewe si mgeni wa kazi. Ni tandiboi wa miaka mingi. Amefunga turubai na kukaza kamba mpaka viganja vimekuwa soli ya kiatu. Amebadilisha tairi Mikumi usiku wa manane huku dereva wake akimmulikia tochi na kumpa ushauri wa maisha. Mlima wa Kitonga anaujua kona kwa kona, na ule wa Iwambi kule Mbeya anaweza kukueleza ni wapi hasa breki huanza kunuka. Sisemi kwamba amewahi kushika usukani wa semi bila daraja lake. Hilo ni kosa kisheria, na mimi sikuwepo. Ninachosema ni kwamba dereva wake ni mzee, wazee hupenda kulala, na mzigo wa viazi haujawahi kuchelewa Dar es Salaam.

Lakini leseni haisomi viganja. Leseni ni herufi. A ni ya pikipiki. B ni ya gari lako la kwenda kanisani. C na wadogo zake, C1, C2 na C3, ni za kubeba abiria, kuanzia basi hadi teksi. D ni ya magari ya kazi yasiyo makubwa. E ndiyo mzigo wenyewe, malori na matela. Na E haipatikani kwa kuamka tu asubuhi ukaitamani. Kwanza uwe umeishi na D, halafu uwe na cheti cha chuo kinachotambuliwa, kinachosema umefundishwa kuendesha kile ambacho kila mtu mtaani anajua unaendesha. Samahani, kile ambacho mimi sikuwepo.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, Dar es Salaam. VETA ya Kihonda, ambayo madereva wengi wamepitia, ipo Morogoro. Suka alikwenda wapi sitasema, maana nina mambo ya kusema kuhusu huko na sitaki kesi. Itoshe kwamba ilimbidi apande basi, ashuke Kitonga akiwa abiria, kiti cha dirishani, ameshika mfuko wa chapati za mama yake. Dada yangu anasema alimpigia simu kutoka ndani ya basi akilalamika kwamba dereva anateremka na gia kubwa mno. Nauli nimelipa mimi, na bado anakagua kazi ya watu.

Ada nililipa nikiwa na moyo mkunjufu. Ada ina heshima yake, ina risiti. Kilichonimaliza ni vile visivyo na risiti. Chumba, maana chuo kilikuwa hakina nafasi ya malazi. Chakula, maana Suka amezoea kula barabarani, na mla barabarani hajui nusu sahani. Fulana yenye jina la chuo, ambayo bila hiyo huingii uwanjani. Kitabu cha alama za barabarani, ambacho alikuwa nacho, lakini kile kilikuwa na jalada la zamani. Halafu ukaja mchango wa dizeli. Hapo nilikaa chini.

"Dizeli ya nini tena? Si nimelipa ada?"

"Ya lori la mazoezi, mjomba. Lori ni moja, sisi tuko wengi."

"Kwa hiyo leo umeendesha?"

"Leo nimeangalia wenzangu."

"Na jana?"

"Jana lilikuwa kwa fundi. Tulichangia fundi."

Yaani mtu ametoka Makambako, mahali ambapo malori yamepanga mstari mpaka watoto wanashindwa kuvuka barabara, amekwenda mamia ya kilometa kupanga foleni ya kuonja lori moja bovu. Darasani nako, mwalimu alichora lori ubaoni, akauliza nani anaweza kueleza breki za upepo zinavyofanya kazi. Suka akasimama. Akaeleza tangi la upepo, akaeleza mabomba, akaeleza kinachotokea upepo ukiisha katikati ya mteremko na unachotakiwa kufanya kabla ya kuanza kumwita Mungu. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia akae, mada hiyo ni ya Alhamisi.

Hata hivyo sitadhulumu, shule ilimpa kitu. Alirudi anaongea mambo ya mzigo kwa ekseli, anajua kwamba kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki lori na tela lake na shehena yote havitakiwi kuzidi tani 56, na kwamba unaweza kuwa chini ya hapo na bado mizani ikakukamata kwa sababu umerundika viazi vyote upande wa nyuma. Anazunguka gari kabla ya kuondoka, anapiga tairi, anachungulia chini. Zamani alikuwa anafanya hivyo akiagizwa, sasa anafanya kwa kujua kwa nini. Hilo ni jambo jema na ningelilipia tena, kama ningekuwa na shamba jingine la misindano. Kichekesho ni kwamba matajiri wa malori wanalipenda jambo hilo kwenye cheti tu. Mwambie tajiri kwamba mzigo wake umezidi, uone atakavyokuuliza wewe umeajiriwa na mizani au na yeye.

Mnakumbuka Aprili 2015? Madereva waligoma, mabasi yakalala, stendi ya Ubungo ikajaa watu wamekalia mabegi. Moja ya malalamiko yao ilikuwa agizo la kurudi shule kila leseni inapohuishwa. Kijiweni kwetu kuna waliowacheka, wakasema nani anakataa elimu, elimu haina mwisho. Nawatafuta watu wale. Wamebaki wawili na wote wamehamia Mafinga. Nataka waje wachangie dizeli.

Basi, cheti kikapatikana. Nikadhani tumefika. Kumbe tumefika Makambako, na mihuri iko Njombe.

Tangu mwaka 2012 tulipotengwa na Iringa tukawa mkoa wetu wenyewe, Njombe mjini ndiyo makao makuu, na makao makuu hayasogei. Ni kilometa sitini na kidogo, barabara ya lami, mandhari mazuri, watalii wangelipa kuiona. Mimi nalipa kwa sababu nyingine. Unapanda na karatasi tano, unaambiwa ilitakiwa ya sita. Unashuka kuifuata ya sita, ukirudi ile ya pili inatakiwa kopi. Mwenye steshenari aliye jirani na ofisi anakujua kwa jina, anaulizia na watoto. Namba ya NIDA, namba ya mlipa kodi, barua, vipimo vya macho. Suka macho yake yanasoma namba ya gari la trafiki lililojificha nyuma ya mkaratusi, lakini ilibidi alipiwe ili asome herufi ukutani.

Na ilikuwa Julai. Asiyeijua Njombe ya Julai asihukumu. Ukungu unaingia mpaka sebuleni, mtu anaongea na mvuke unamtoka, na gesti zote zina kibao cha "maji ya moto" ambacho ni habari za jana. Kijana wangu alitoka chuoni na vishati vyake vyepesi. Koti nikanunua mimi. Mke wangu, ambaye alikuwa amefungua ukurasa kwenye daftari na kuandika LESENI kwa herufi kubwa, aliongeza pembeni yake: NA NDUGU ZAKE.

Halafu ikaja habari ya vidole.

Ofisi moja, sitaitaja, wanataka alama za vidole. Suka akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikakaa kimya. Akaweka kingine. Kimya. Karani akafuta kioo, akamwambia abonyeze, akamwambia asibonyeze sana, akamwambia akaoshe mikono. Akaosha, kwa maji ya Julai, akarudi vidole vimekufa ganzi kabisa. Mashine ikasema huyu hayupo. Kamba za turubai zilikuwa zimemla alama zote! Miaka yote ya kuitafuta kazi ya udereva kwa mikono yake ndiyo iliyofuta ushahidi kwamba mikono ni yake. Alikwenda kuipasha kwa mama mmoja anayechoma mahindi nje, akapakwa mafuta ya mgando, akarudi. Kidole gumba kikakubali nusu. Karani, ambaye lazima niseme alikuwa mstaarabu, akatoa ushauri: "Kavipumzishe kwanza, siku kadhaa, usishike kazi ngumu, halafu urudi."

Msomaji, nimewahi kusikia mtu kapewa mapumziko ya mgongo. Nimewahi kusikia ya ujauzito. Haya yalikuwa mapumziko ya vidole, na yalifanyika nyumbani kwangu. Suka akakaa sebuleni, mikono kwenye mapaja, imepakwa mafuta, anatazama mpira. Kuchota maji, vidole. Kuosha sahani aliyolia, vidole. Nikamwomba anisaidie kushusha magunia ya mbolea, akanionyesha viganja kwa masikitiko makubwa. Kitu pekee ambacho vidole vile viliruhusiwa kukutana nacho ni ugali. Dada yangu akapiga simu kuuliza kama vinaendelea vizuri. Mke wangu akaandika daftarini: mafuta ya mgando, makopo mawili, nyama.

Vilipona. Mashine ikavitambua, elfu sabini ikalipwa, na naapa ile ndiyo fedha iliyouma kidogo kuliko zote. Kadi ikatoka, nzuri, ina picha ya Suka akiwa amenenepa.

Sasa twende kwa mwenye lori.

Mwenye lori wa kwanza aliipokea ile kadi, akaigeuza, akaitazama tarehe. "E hii ni ya mwaka huu," akasema. "Mimi nataka mwenye uzoefu wa miaka mitatu na semi." Suka akaanza kueleza kwamba uzoefu anao, akanitazama, akanyamaza. Angesema nini? Kwamba ameendesha kabla ya leseni? Tajiri anajua, mimi najua, askari wa Igawa naye naamini anajua, lakini hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika hivyo. Wa pili alitaka wadhamini wawili, mmoja awe na hati ya nyumba. Mke wangu hajasema lolote kuhusu hilo, ila bahasha ya hati haipo tena kabatini, na nikiuliza ninaambiwa nile chakula kitapoa. Wa tatu anapeleka mizigo Lubumbashi. Huyu hakuwa na neno na uzoefu, alitaka paspoti tu, ambayo ni 150,000, na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. "Tu" ile ile. Na LATRA nao wana mtihani wao kwa madereva wa magari ya biashara, unafanyika kwenye kompyuta, na Suka na kompyuta wanasalimiana kwa mbali.

Kijiweni wakatuhurumia kwa namna yao, yaani kwa kunizidishia gharama. Mmoja akaleta habari kwamba Uingereza wamekosa madereva wa malori hadi petroli imeisha vituoni, jeshi linaendesha matangi ya mafuta, na wametangaza viza 5,000. Akaisimulia kwa pumzi moja, kahawa ikipoa mkononi. Nikamwambia bwana, hayo yalikuwa mwaka 2021, na viza zenyewe zilikuwa za miezi. Lakini Suka alikuwa ameshasikia.

"Kule wanaendesha upande gani, mjomba?"

"Kushoto, kama sisi," akadakia yule mpumbavu.

Niliwaona wote wawili wakitazama upande wa shamba langu la mikaratusi, lile lililobaki. Nikalipa kahawa nikaondoka.

Mwisho wa yote Suka amepata kazi. Amerudi kwa mzee yule yule, kwenye lori lile lile, kwa cheo cha tandiboi, mpaka hapo leseni yake itakapokuwa na umri wa kuaminika. Tajiri amefurahi sana kupata tandiboi mwenye E. Mzee amefurahi zaidi, sasa analala kuanzia Mafinga bila wasiwasi wa trafiki. Mshahara ni ule wa kukaza kamba. Mikono imeanza tena kuota sugu, na nimemkataza kabisa kuhuisha kitu chochote chenye alama za vidole mpaka miaka mitano iishe.

Juzi simu ikaita. Nilikuwa dukani, hapa hapa Makambako, nimesimama chini ya mnara wa simu ambao kivuli chake kinafika mpaka kwenye kaunta yangu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mjomba. Nilikuwa nawaza tu. Kumbe ukikaa na E miaka mitatu unaruhusiwa kuomba C, ya mabasi makubwa. Mabasi yana posho nzuri. Ni kozi fupi tu, halafu..."

"Haloo? Haloo? Sikusikii, mwanangu! Niko safarini, niko Kitonga hapa, mtandao unakatika!"

Kikapita kimya kidogo. Nikasikia injini inaunguruma, honi, na mtu anauza vitunguu.

"Mjomba," akasema taratibu, "Kitonga nipo mimi."